Mama Braso na Kibao cha Adelina

Watu wa Chang'ombe walimwita Mama Braso. Ukimwita Filomena, jina lake la ubatizo, ilikubidi urudie mara ya pili ndipo ageuke. Jina lilimpata kazini. Alikuwa mfagizi kwenye ofisi moja kubwa mjini, mojawapo ya zile walizoziacha Wazungu na vitasa vyake, na kila asubuhi, wakubwa hawajafika, yeye keshapiga magoti mlangoni na tambara na kopo la braso, ile dawa ya kung'arishia shaba, anasugua. Vitasa, vibao vya majina, reli ya ngazi, hata kengele ya mezani ambayo tangu uhuru haikumwita mtu. Mwanamke wa kusini, Mmwera, mfupi, mkavu, mdomo hauna breki. Na hakuna kitu alichokichukia duniani kama shaba iliyofifia. Akiingia nyumbani kwako akaliona sinia lako limepiga weusi, alilibeba bila kukuuliza, akalirudisha kesho yake linawaka. Wewe ulimshukuru, lakini moyoni umeaibika.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Adelina. Mume alikwenda Tanga kukata mkonge, akapotelea huko, na habari zake hazikuwahi kurudi. Huyo binti akasomeshwa na masista kule kusini mpaka akamaliza, akaja Dar kwa mama yake, akapata kazi ya ukarani katika duka la ushirika. Na alikuwa na tabia moja: kila alichokishika alikiandika jina lake. Ndoo, Adelina. Kigoda, Adelina. Nyuma ya mlango, kwa mkaa, Adelina. Tena hakuandika kama watu wengine. Ile herufi ya mwisho haikukubali kuisha, aliiburuza ikazunguka na kurudi chini ya jina lote mpaka jina lilikoanzia.

"Jina gani hili lina mkia kama kenge?" mama alikuwa akimuuliza.

"Jifunze kusoma, mama, utaona mwenyewe. Mkia ni pambo tu."

"Mie nisome ili iweje? Nisome vitasa?"

Wakacheka pale, mama na mwana, mpaka Mwanaheri, aliyepanga chumba cha pili, akagonga ukuta na kusema kuna watu humu wanataka kuswali.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, Adelina akashikwa na homa. Wengine walisema ya matumbo, wengine wakasema mengine. Ilimchukua upesi, jamani, upesi mno. Wiki hii anapiga hesabu dukani, wiki ile anashushwa kaburini. Bwana afya akaja na watu wake wakachoma godoro, nguo, na kila karatasi iliyokuwa chini ya kitanda. Mwenye nyumba naye, kwa huruma zake, akapiga chokaa chumba kizima ili msiba utoke. Ndoo Mama Braso aliiosha mwenyewe, akili hana, akilia, na alipoigeuza jina halipo. Kufika siku ya kuanua matanga, hakukuwa na mahali popote ulimwenguni palipoandikwa Adelina kwa mkono wa Adelina.

Isipokuwa mahali pamoja. Gaspar, mchumba wake, alikuwa na kipande cha karatasi mfukoni mwa shati. Adelina alimwandikia jina pale siku moja kwa utani, akamwambia akipotea njia aonyeshe watu.

Gaspar alikuwa fundi wa rejeta za magari. Kusoma hajui hata kidogo, shule yake ilikuwa moto na risasi ya kuunganishia. Lakini mkono anao. Alikata bamba la shaba nyekundu kutoka rejeta ya lori bovu, akalinyoosha, akaibandika ile karatasi juu yake kwa uji wa unga wa ngano, akashika tindo na nyundo, akaifuata kalamu ya Adelina nukta baada ya nukta, pamoja na ule mkia. Karatasi ikachanikachanika chini ya tindo. Alipopuliza vumbi, jina lilibaki kwenye shaba. Wakakipeleka kibao makaburini, nyuma ya viwanda, wakakipigilia kwenye saruji.

"Basi, mama," Gaspar akasema. "Mkono wake ni huo. Mwingine hakuna."

Filomena akapitisha kidole juu ya vile vishimo, akitoka mwanzo mpaka mwisho wa mkia, na akaapa palepale. Alisema hataki asomewe na mtu. Binti alimwambia ajifunze, naye alimjibu upuuzi, sasa atajifunza. Siku moja atasimama hapa na kulisoma jina hilo kwa macho yake mwenyewe, na siku hiyo mwanawe atakuwa amemsamehe. Hilo ndilo lililokuwa limebaki maishani mwake.

Gaspar akajikuna shingo. "Shaba hii itabadilika rangi, mama. Itapiga kahawia, halafu weusi, halafu kijani. Iache tu."

"Niiache?" Mama Braso akamgeukia. "Nang'arisha vitasa vya serikali, halafu mwanangu aote ukungu? Watu waseme nini?"

Gaspar akainama kukusanya vyombo vyake. Huyu ni mkwe, na mkwe habishiwi. Laiti angebisha! Lakini tulilelewa hivyo, adabu kwanza, na adabu nyingine hutuponza.

Sasa nikwambie hewa ya pale ilivyokuwa. Upande wa pili wa ukuta wa makaburi palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha vyuma, na tanuri lake liliwashwa kwa mafuta mazito, meusi, yanayonuka kiberiti. Mvua za masika zikianza, hewa ikalowa, ule moshi haupandi. Unashuka, unakaa, unanata kwenye majani, kwenye kanga zilizoanikwa, kooni mwa watu. Chuma kikilala nje kinaamka na kutu. Shaba ndiyo usiseme. Jumapili Mama Braso anakiacha kibao chekundu kinachowaka, Jumapili inayofuata anakikuta kimepiga rangi ya chai ya rangi. Akichelewa kidogo kinakuwa cheusi, na ndani ya vishimo vya herufi kunaota kitu cha kijani, kama mrututu ule wa kutilia vidonda.

Basi kila Jumapili, akitoka misa, Mama Braso yuko magotini. Kopo, tambara, sugua. Watu walizoea kumwona. Wengine walimsifu, wakasema huyo ndiye mama. Kaburi la jirani lilikuwa la mzee Albano, mchonga vinyago, aliyekufa bila ndugu mjini. Gaspar alimkatia naye kibao kutoka bamba lilelile, katekista akaandika jina kwa chaki, tindo ikafuata. Hakuna aliyekuja kukigusa. Kikawa cheusi, kikawa kijani, kikabaki hivyo. Mama Braso akikitazama alikuwa akitema mate pembeni.

"Masikini Albano," alikuwa akimwambia Mwanaheri wakirudi nyumbani pamoja. "Kufa bila mtu wa kukusugua!"

"Sie kwetu kaburi ni jiwe la kichwa na jiwe la miguu," Mwanaheri akamjibu. "Mungu anawajua wake. Wewe shoga unamchosha marehemu."

"Nenda zako. Huna mtoto kaburini wewe."

"Mungu aniepushie," akasema Mwanaheri, na hakurudia tena neno hilo.

Miaka ikaenda. Gereji ya Gaspar ikafungwa kwa kukosa vipuri, yeye na wenzake wakachukuliwa kwenda kijiji cha ujamaa ng'ambo ya Kigamboni, kulima mihogo. Mama Braso akabaki na Mwanaheri na kibao chake. Kusoma je? Atasoma. Kila mwaka alisema mwaka huu, kisha akasema mwakani. Hakuwa na haraka. Jina halimkimbii, limepigiliwa kwenye saruji, litakwenda wapi?

Halafu Jumapili moja akapitisha kidole chake kama desturi, na kidole hakikuona vishimo vizuri. Akainama. Herufi zilikuwepo, lakini zimefifia, hasa ule mkia. Akatazama juu ya ukuta, bomba la kiwanda linatoa moshi mweusi, mzito, taratibu, na hapo hapo akajua nani mwizi. Moshi ule! Moshi unamla Adelina!

Jioni ileile akawa kwa Adelard, balozi wa nyumba kumi, mtu mwenye tumbo la taratibu na maneno mengi ya semina. Walikuwepo watu kadhaa barazani. Mama Braso hakungoja kukaribishwa.

"Kiwanda kinakula jina la mwanangu!" akasema. "Nataka wazime lile tanuri."

"Mama," akasema Adelard, "kiwanda kile sasa ni cha wananchi. Ni chako wewe, ni changu mie."

"Kama ni changu, nazima."

Baraza likaangua kicheko. Adelard naye akacheka kidogo, kisha akakumbuka cheo chake. "Moshi ule ni maendeleo, mama. Nchi inajengwa. Tutalifikisha suala lako kunakohusika."

Suala halikufikishwa popote, unadhani lingefikishwa wapi? Mama Braso alirudi nyumbani na hasira zake, akamwambia Mwanaheri mambo mawili. La kwanza, kesho anajiandikisha kisomo cha watu wazima, maana sasa ni yeye na moshi, nani atawahi. La pili, hatasugua tena Jumapili peke yake. Atasugua na Jumatano.

Na braso nayo ndiyo kwanza ikaanza kuadimika. Mwanzo ilipatikana kwa foleni, baadaye kwa kujuana, mwisho hata ofisini kopo likawa linafungiwa kabatini na mhasibu. Mama Braso hakushindwa. Mwanaheri aliuza maji ya ukwaju pale nje, na makapi ya ukwaju hayana kazi. Akayachukua, akayachanganya na mchanga laini na jivu. Ukali wa ukwaju unaondoa weusi kwa mara moja, mchanga unamalizia. Shaba ikatoka nyekundu kuliko ilivyotoka kwa braso! Akafurahi kama mtu aliyegundua dawa. Kwenye vishimo vya herufi, kile kijani kilipong'ang'ania, akakichokonoa kwa mwiba wa mlimau mpaka kikatoka chote.

Kisomo kilikuwa alasiri, shule ya msingi, wazee wamekalia madawati ya watoto magoti yamegusa videvu. Mwalimu alikuwa Revelian, kijana wa Bukoba mwenye sauti ya upole, aliyewaamkia wanafunzi wake shikamoo mmoja mmoja kabla ya kuwafundisha. Mama Braso alikuwa mbaya darasani, tusidanganyane. Vidole vilivyozoea kusugua havikuijua kalamu. Alizibonyeza penseli zikavunjika. Aliandika b akikusudia d. Alilia mara moja, akatoka nje, akarudi. Wenzake walikuja kisomo kwa sababu katibu wa tawi aliwaagiza, wakasinzia. Yeye hakusinzia. Alipoijua a, Mwalimu Revelian akamwambia, "Vizuri mama, sasa itafute popote unapopita."

Aliitafuta kwenye makopo, kwenye magunia, kwenye mabasi. Kwenye kibao, hapana. Alikuwa amejiwekea sharti: hataki kuonja. Alitaka siku akilitazama lile jina, alisome lote kwa mkupuo, toka mwanzo mpaka mwisho wa mkia, kama mtu anavyomwona mwanawe akishuka kwenye basi. Kwa hiyo aliposugua aliyaelekeza macho kwenye majani, kwenye ukuta, kwenye bomba la kiwanda na moshi wake. Kidole nacho alikikataza kulipapasa. Mkono ulijua kazi. Jumatano na Jumapili, ukwaju na mchanga, mwaka ukapita na nusu nyingine.

Siku ya mtihani alisoma ukurasa mzima wa kitabu cha kilimo cha pamba mbele ya mkaguzi, kidole chini ya mstari, jasho linamtoka. Alipofika nukta ya mwisho darasa likampigia makofi. Mwalimu Revelian akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera sana mama. Sasa utasoma nini?"

"Nina kitu changu," akajibu.

Jumapili hiyo hakubeba kopo wala ukwaju. Alivaa kanga mpya, akatoka misa, akaenda peke yake. Mwanaheri alitaka kumsindikiza akamkatalia. Alifika, akapiga ishara ya msalaba, akapiga magoti, akafumba macho kidogo, akayafumbua.

Akaona uso wa mwanamke mzee.

Alidhani amekaa vibaya. Akasogea kushoto, uso ukasogea. Akasogea kulia. Akakinga jua kwa mkono, akainama mpaka pua ikakaribia shaba. Kilikuwa kisafi, chekundu, laini, hakuna kitasa mjini kilichowahi kung'aa hivyo. Akapitisha kidole, akatafuta, akatafuta. Pembeni chini, karibu na msumari, akahisi vishimo vitatu au vinne vidogo vya ule mkia. Basi. Hakukuwa na herufi hata moja ya kusoma.

"Moshi," akasema kwa sauti. "Umeniwahi."

Akakaa chini kwenye mchanga. Akasimama na hasira zake, tayari kwenda kwa Adelard, kwenda kiwandani, kwenda kokote kutukana, na alipogeuka macho yakaangukia kibao cha jirani. Hakukusudia kusoma. Lakini mtu akishajua kusoma, macho hayamwombi ruhusa. A. L. B. A. Akapiga hatua. Albano. Kila herufi iko wazi, vishimo vyote vimejaa kijani, juu ya weusi vinaonekana kama vilipigwa jana. Bamba lilelile. Fundi yuleyule. Moshi uleule, mvua zilezile. Mtu ambaye hakuna aliyemjia ndiye mtu wa kwanza ambaye Filomena alilisoma jina lake katika makaburi yale.

Akaitazama mikono yake, nayo ilikuwa inanuka ukwaju, maana harufu ile haitoki.

Alimtumia Gaspar salamu, naye akavuka na pantoni siku ya pili, na mihogo ya zawadi kwenye kikapu, kachoka kwa jua la shamba. Wakaenda makaburini. Gaspar alikitazama kibao, akakipapasa pembeni akauona unene wake, au niseme wembamba. Uso wake ukabadilika.

"Nani kafanya hivi?"

"Mie."

Gaspar hakupandisha sauti. "Mama, shaba hailiwi kama chuma. Chuma kutu inakimaliza mpaka ndani. Shaba ikishapiga ule weusi na kijani, imevaa nguo, moshi hauingii tena ndani. Wewe kila wiki ulikuwa unaivua nguo, moshi unakula tena juu, na wewe unakuja unaondoa kilicholiwa. Na mchanga, mama! Na ukwaju!" Akashika kichwa. "Nilikwambia uiache. Nilikuonea haya, la sivyo ningekukatalia."

"Ungenikatalia nisingesikia," akasema Filomena. Hilo lilikuwa kweli, na wote wawili walilijua.

"Kiandike tena," akasema baadaye. "Wewe uliufuata ule mkia kwa mkono wako. Unaukumbuka."

Gaspar akachuchumaa, akaanza kuchora mchangani kwa kidole. Akachora kitu, akakifuta. Akachora tena. "Ulitokea hapa ukashuka," akasema, "halafu ukarudi, lakini ulirudije..." Kidole kikasimama. Mtu huyu hajui herufi, alifuata tu wino uliokuwa chini ya tindo, na karatasi ile iliisha siku ileile. Machozi yakamdondokea mchangani, akayafukia kwa kiganja kwa aibu.

Walirudi nyumbani. Gaspar, masikini, akatoa shauri alilokuwa nalo. Yuko mtu Kigamboni mwenye kipande cha shaba. Mama sasa anajua kuandika. Basi aandike yeye jina kwenye karatasi, naye ataifuata kama alivyofuata ile ya kwanza. Mwanaheri akasema ni shauri jema, akaenda kuleta daftari la kisomo na penseli, akaviweka kwenye mkeka.

Filomena aliandika. Jina liliandikwa vizuri, tena bila kosa, herufi za duara kama Mwalimu Revelian alivyozichora ubaoni, moja imesimama mbali na mwenzake. Mwishoni akajaribu kuweka mkia. Penseli ikatoka kidogo chini ya jina, ikasita, ikakatika.

Aliisoma ile karatasi kwa sauti, kidole chini ya herufi, taratibu, kama mbele ya mkaguzi. "A-de-li-na." Akaisoma tena. Kisha akaikunja ndogo, ikawa ndogo zaidi, akaifungia ndani ya ngumi yake.

"Usikate shaba, mwanangu," akamwambia Gaspar. "Huu si mkono wake. Mara ya kwanza nilimzika na watu, mkanisaidia kubeba. Mara ya pili nimemzika mwenyewe, kila Jumapili na kila Jumatano, na nilikuwa nafurahi."

Gaspar akainamisha kichwa. Mwanaheri akamsogelea shoga yake pale mkekani.